Sungura Aliyefika wa Pili: Maisha ya Vivian Fuchs

 Jua la Kasikeu ndilo linaloninyima raha, na ninapoandika haya jasho linanitiririka hadi kwenye karatasi. Kwa hivyo usishangae ukisikia kwamba mtu mashuhuri niliyemchagua mwaka huu ni mtu wa barafu. Wenzangu wa Chama cha Kiswahili walinicheka. Walitarajia niandike juu ya mpigania uhuru. Lakini tulia kwanza, kwani mtu huyu aliwahi kuja Kenya, na hapa kwetu ndipo alipopata kovu ambalo nadhani halikupona.

Chanzo cha habari hii ni mchezo. Likizo ya Agosti mjomba alituletea sanduku la mitumba kutoka Gikomba. Ndani yake mlikuwa na ubao wa kuchezea, mfano wa ule wa ludo au wa nyoka na ngazi, lakini huu ulikuwa mweupe pepepe kama sufuria ya maziwa. Ulionyesha nyika ya barafu na njia yenye vyumba vidogo vidogo kutoka pwani mpaka Ncha ya Kusini ya dunia. Kete zilikuwa zimepotea zote. Basi kaka yangu alitwaa kifuniko cha soda, mimi nikachukua punje ya mahindi, na kitinda mimba wetu akajichagulia punje ya ndengu. Unatupa dadu, unaenda. Ukiangukia chumba cha dhoruba unarudi nyuma hatua tatu. Ukiangukia ufa wa barafu unakaa humo mpaka upate sita. Anayefika Nchani kwanza ndiye mshindi, na mchezo umekwisha.

Kaka alishinda, kama kawaida yake. Akaruka juu akipiga kelele. Nyanya yetu, ambaye sisi Wakamba humwita susu, alikuwa kando akichagua mawe kwenye uteo wa ndengu. Akatuuliza yule mtoto aliyeachwa ndani ya shimo atatolewa na nani. Halafu akauliza huyo mshindi naye atarudi nyumbani kwa njia gani. Tulicheka mpaka tukashika mbavu, maana susu hajui michezo ya kizungu. Lakini usiku sikupata usingizi. Swali lile lilinikaa kama mwiba wa mgunga.

Shule zilipofunguliwa, mwalimu wetu wa Jiografia alitufundisha Bonde la Ufa. Katikati ya somo akamtaja mtaalamu mmoja aliyechunguza bonde hilo akiwa kijana, na alipokomaa akavuka bara zima la barafu. Kengele ilipolia nilimfuata mwalimu hadi mlangoni. Jina la mtu huyo ni Vivian Fuchs, na maisha yake ndiyo yaliyonisaidia kumjibu susu.

Fuchs alizaliwa tarehe 11 Februari 1908 katika kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza. Mama yake alikuwa Mwingereza, baba yake Mjerumani. Jambo hilo halikuwa na neno mpaka Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka wa 1914. Hapo baba yake alihesabiwa kuwa mtu wa adui, akafungiwa kambini. Mtoto wa miaka sita akajua mapema maana ya kungoja mtu ambaye hujui atarudi lini. Shuleni alipewa jina la utani la Bunny, yaani kisungura, na likamganda mpaka uzeeni. Likumbuke jina hilo, msomaji. Sisi tuliolelewa na hadithi za sungura na kobe tunajua kwamba sungura na mbio wana kesi yao.

Alipoingia Chuo Kikuu cha Cambridge, Fuchs alisomea jiolojia, yaani elimu ya miamba na ardhi. Mlezi wake huko alikuwa James Wordie. Bwana huyu alikuwa mmoja wa wale waliokwenda kusini na Ernest Shackleton mwaka wa 1914, wakitaka kuwa watu wa kwanza kulivuka bara la Antaktika toka bahari moja hadi nyingine. Hawakulivuka. Merikebu yao, Endurance, ilibanwa na barafu ikavunjika, ikazama mwaka wa 1915. Lakini Shackleton alihangaika kwa mashua ndogo baharini mpaka akawaokoa wote waliokuwa ndani ya merikebu ile. Hebu fikiria kijana anafundishwa na mtu aliyetoka katika kisa kama hicho! Mwaka wa 1929 Wordie alimchukua Fuchs hadi Greenland. Hapo ndipo kisungura alipoonja barafu kwa mara ya kwanza.

Hata hivyo, kazi yake ya ujana haikuwa kwenye barafu. Ilikuwa huku kwetu kwenye joto. Mwaka wa 1930 alikuja na watafiti wa Cambridge kuchunguza maziwa ya Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata alikwenda Olduvai huko Tanganyika pamoja na Louis Leakey, yule aliyezaliwa Kabete na kupata sifa kwa kufukua mifupa ya binadamu wa kale. Fuchs aliyapenda mawe ya Bonde la Ufa, na hayo hayo ndiyo yaliyomletea shahada yake ya udaktari miaka michache baadaye.

Mwaka wa 1934 alirudi Kenya akiwa sasa kiongozi. Alikuwa na miaka 26 tu. Safari ilikuwa ya Ziwa Rudolf, ambalo tangu 1975 tunaliita Ziwa Turkana. Ziwa hilo lina urefu wa kilomita zipatazo 250, limezungukwa na jangwa la mawe meusi, na upepo wake si mchezo. Unashuka kutoka mlima Kulal kwa kishindo na kuyageuza maji kuwa milima. Upande wa kusini wa ziwa kuna kisiwa cha volkano kisicho na watu, kiitwacho Kisiwa cha Kusini. Mwezi wa Julai watu wawili wa kikundi chake, Martin na Dyson, walibaki kisiwani humo kupima ardhi na kukusanya mawe. Walitarajiwa kurudi mwezi wa Agosti.

Hawakurudi. Wenzao walingoja, wakatafuta, wapi! Hata miili yao haikupatikana mpaka leo. Huenda waliondoka na mashua yao upepo ukawazamisha. Ziwa limefunga mdomo. Ukisimama Loiyangalani ukaangalia ng'ambo utakiona kisiwa hicho kwa macho, kumbe hapo katikati pana maji yaliyomeza watu.

Sijui kama mtu anaweza kusahau jambo la namna hiyo. Fuchs ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Akirudi Uingereza atakutana na jamaa za marehemu, nao watamtazama usoni. Mimi nilipofika hapa nilimkumbuka susu na uteo wake. Ni nani atakayemtoa aliye shimoni? Safari hii hakupatikana wa kumtoa.

Basi maisha hayamngojei mtu. Vita Vikuu vya Pili vilipokuja Fuchs alikuwa mwanajeshi, akatumikia Afrika Magharibi kisha Ulaya. Baada ya vita, mwaka wa 1947, serikali ya Uingereza ilimpa uongozi wa vituo vyake vya uchunguzi huko Antaktika. Akahama kutoka joto kali akaingia baridi kali. Ili ujue baridi ninayoisema, mwaka wa 1983 kituo kimoja cha Antaktika kiitwacho Vostok kilipima nyuzi 89.2 chini ya sufuri. Friji ya duka la soda pale Sultan Hamud ni jiko ukiilinganisha na hapo.

Huko naye alionja kuachwa. Mwaka wa 1949 meli iliyotumwa kuwachukua yeye na wenzake kumi katika kisiwa cha Stonington ilishindwa kupenya barafu, ikageuza. Watu kumi na mmoja wakabaki mwaka mzima zaidi, wakingoja, mpaka walipotolewa mapema 1950. Mwingine angekata tamaa. Yeye mwaka huo huo, akiwa amelala hemani dhoruba ikivuma nje, alipata wazo: kwa nini asiumalize ule mwendo uliomshinda Shackleton?

Hapa niwakumbushe kidogo mbio za kale. Mtu wa kwanza kufika Ncha ya Kusini alikuwa Roald Amundsen wa Norway, tarehe 14 Desemba 1911, akivutwa na mbwa. Mwingereza Robert Scott alifika tarehe 17 Januari 1912 akakuta bendera ya mwenzake inapepea. Wakati wa kurudi, Scott na wenzake wanne walikufa wote kwa baridi, njaa na uchovu. Tangu hapo hakuna mtu aliyefika tena Nchani kwa njia ya nchi kavu kwa miaka 46. Na kulivuka bara zima kwa nchi kavu, hakuna aliyefaulu.

Mpango wa Fuchs ulikuwa hivi. Yeye ataanzia upande wa Bahari ya Weddell, apite Nchani, atokee upande wa pili kwenye Bahari ya Ross. Ni mwendo wa kilomita 3,473, yaani zaidi ya mara saba ya njia ya Mombasa hadi Nairobi, na huko hakuna Emali wala Mtito Andei za kupumzikia. Kwa kuwa magari yake hayangeweza kubeba mafuta na chakula cha njia nzima, kikundi cha pili kingetoka upande wa Bahari ya Ross kikiweka maghala njiani ili ayakute mbele yake. Kiongozi wa kikundi hicho alikuwa Edmund Hillary wa New Zealand, yule yule aliyefika kilele cha Everest pamoja na Tenzing Norgay mwaka wa 1953. Kwa lugha ya mpira, Hillary alipewa kazi ya kutoa pasi, siyo kufunga bao.

Mambo yalianza vibaya. Meli yao, Theron, iling'oa nanga London mnamo Novemba 1955. Mapema 1956 iliwashusha watu wanane kwenye Bahari ya Weddell wajenge nyumba. Kabla hawajamaliza, dhoruba ilivunja barafu ya pwani na vitu vyao vingi vikaenda na maji, hata trekta. Wanaume hao walipitisha kipindi kirefu cha baridi wakiishi ndani ya kasha kubwa la mbao lililokuwa limefungia gari! Fuchs aliporudi kwao Januari 1957 aliwakuta wote wanane wazima. Nadhani siku hiyo alishusha pumzi kwa namna ambayo waliokuwa naye Turkana pekee ndio wangeielewa.

Tarehe 24 Novemba 1957 Fuchs na wenzake wakaianza safari yenyewe. Walikuwa wanaume kumi na wawili kwa jumla, pamoja na magari ya theluji, makubwa yao yakiwa yale yaitwayo Sno-Cat, yasiyo na magurudumu bali minyororo mipana minne. Mbwa nao walitangulia sehemu fulani kutafuta njia. Barafu ile ina nyufa zilizofunikwa na theluji nyembamba juu, kama mtego wa panya. Unaona pameshikana, kumbe chini ni shimo linaloweza kumeza nyumba ya ghorofa. Zaidi ya mara moja gari lilining'inia juu ya ufa, nusu huku nusu kule, na ikawabidi wote wasimame walivute. Hakuna aliyempita mwenzake na kumwacha kwenye chumba chake akingoja sita.

Tena walisimama mara kwa mara kwa makusudi. Walitoboa barafu, wakalipua baruti ndani, kisha wakapima muda wa mwangwi kurudi kutoka chini. Kwa njia hiyo walijua unene wa barafu na umbo la ardhi iliyofunikwa. Kwenye Ncha yenyewe unene huo unakaribia kilomita tatu. Kazi ya namna hiyo haina haraka. Ndiyo sababu walichelewa.

Na Hillary je? Aliweka maghala yake yote vizuri. Halafu akaona muda anao, na mafuta kidogo anayo, na Ncha iko mbele. Bao hilo hapo! Akakata kauli, akatia moto trekta zake. Hizo zilikuwa trekta ndogo za shamba aina ya Ferguson zilizofungwa minyororo. Tarehe 4 Januari 1958 akafika Nchani, wakati Fuchs bado yuko mbali. Magazeti duniani yakashangilia kana kwamba ni mashindano ya mbio. Kwa sheria za ule ubao wetu mchezo ulikuwa umekwisha. Kifuniko cha soda kimeshinda, ndengu imeachwa.

Likaja jambo gumu zaidi. Hillary alimshauri Fuchs kwa redio kwamba akifika Nchani asimame hapo, watu waondolewe kwa ndege, na waimalize safari mwaka ujao, maana majira ya baridi yalikuwa yanakaribia. Ushauri huo ukavuja hadi magazetini. Fikiria aibu yake. Ulimwengu mzima unajua kwamba umechelewa na kwamba mwenzako anaona huwezi.

Fuchs alikataa, akaendelea.

Hapa nitasema ukweli wangu, hata kama mwalimu atanikosoa. Niliposoma hayo mara ya kwanza nilimwona mkaidi. Hillary hakuwa akimwonea wivu. Alikuwa akihofia maisha ya watu, na wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kama mmoja wa wale kumi na wawili angekufa njiani, leo tungekuwa tunamlaumu Fuchs kama tunavyomsikitikia Scott. Lakini nilipofikiri tena niliona jambo jingine. Huyu si kijana aliyepagawa na sifa. Alikuwa na karibu miaka 50, na kuachwa ziwani na kuachwa barafuni vyote alikuwa anavijua. Magari yake yalikuwa yanaenda, watu wake wazima, na chakula kimewekwa mbele na huyo huyo Hillary. Mtu anayejua uchungu wa kupoteza wenzake anapokubali kuendelea, amepiga hesabu yake. Sijui ningefanya nini mimi. Na wewe, msomaji, ungefanyaje?

Fuchs alifika Nchani tarehe 19 Januari 1958, siku kumi na tano baada ya mwenzake. Huko palikuwa na kituo cha Wamarekani. Hillary alikuja kwa ndege kumlaki, wakashikana mikono. Tarehe 24 Januari akaondoka tena. Kisha Hillary akajiunga naye kwenye ghala la mwisho alilokuwa ameliweka, akapanda gari lake na kumwonyesha njia, kwa kuwa upande ule aliujua yeye. Yule aliyeshindana naye akawa ndiye kiongozi wa njia. Hapo ndipo nilipowapenda wote wawili.

Tarehe 11 Februari Fuchs alitimiza miaka 50 akiwa njiani kwenye barafu. Na tarehe 2 Machi 1958 magari manne aina ya Sno-Cat yakaingia kituo cha Scott, kando ya Bahari ya Ross. Zilikuwa siku 99. Yeye mwenyewe alikuwa amekadiria 100 kabla ya kuanza. Watu kumi na wawili walioanza, kumi na wawili wakafika. Bara la Antaktika likawa limevukwa kwa nchi kavu kwa mara ya kwanza tangu dunia iumbwe.

Mwaka huo malkia wa Uingereza alimpa cheo cha Sir. Yeye na Hillary waliandika kitabu cha safari hiyo kwa pamoja. Fuchs aliongoza uchunguzi wa Waingereza huko Antaktika mpaka 1973, akawalea vijana wengi waliokwenda kusini baada yake. Alifariki tarehe 11 Novemba 1999 akiwa na miaka 91. Hillary alimfuata Januari 2008. Nacho Kisiwa cha Kusini, katika Ziwa Turkana, tangu 1983 ni mbuga ya taifa. Mamba na ndege wanaishi huko kwa amani, na mahali fulani karibu nao wamelala Martin na Dyson.

Katika hadithi zetu sungura hushindwa mbio kwa sababu ya kujivuna na kulala. Kisungura huyu alifika wa pili kwa sababu ya kusimama njiani kufanya kazi na kuvuta magari ya wenzake nyufani. Kutangulia si kufika. Ncha ni chumba cha katikati tu. Scott alikifikia chumba hicho, lakini nyumbani hakufika.

Nilipomweleza susu habari hizi zote, alinyamaza kidogo akiendelea na uteo wake. Kisha akauliza kama mama za wale vijana wa Turkana waliwahi kupewa hata kofia ya kuzika. Sikuwa na jibu. Labda ndilo swali ambalo Fuchs aliishi nalo miaka 65.

Siku hizi nyumbani tumeubadilisha mchezo wetu. Kaka alilalamika sana, lakini wengi wape. Nimechora njia upande wa pili wa ubao kwa kalamu, kutoka Nchani hadi bahari ya pili. Mtu akiangukia ufa, anayemfikia lazima asimame amtoe kabla ya kuendelea. Na hakuna mshindi mpaka kifuniko cha soda, punje ya mahindi na punje ya ndengu zote ziwe zimefika ng'ambo. Mchezo unachukua muda mrefu kweli kweli, mara nyingine mpaka taa inaisha mafuta. Lakini kitinda mimba halii tena.

Hapa natia kalamu yangu chini. Tukijaliwa, tuonane katika jarida la mwaka ujao.